Isoflureni na Kesi ya Wizi wa Damu Moyoni

Dakika ya tatu tangu propofoli iingie mshipani, ile dawa nyeupe kama maziwa, mkanda wa presha unajaa hewa mkononi mwa mgonjwa, unabana, unalegea, na kioo kinaandika 80 kwa 40. Robo saa iliyopita, akiwa macho na wasiwasi wake, kioo hichohicho kiliandika 156 kwa 92. Tuseme ni mzee wa miaka 68, mwenye kisukari na presha ya siku nyingi, aliyeletwa kuondolewa uvimbe wa utumbo. Hajakatwa bado. Daktari mpasuaji yuko sinki, anaosha mikono. Watu wakizungumzia usalama wa usingizi wa upasuaji huuliza jina la dawa: alipewa nini, na hiyo dawa inaufanyaje moyo? Swali hilo lina haki yake, na wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 40. Lakini naamini limekaa mahali ambapo lingekaa swali kubwa zaidi. Kile ambacho dawa ya usingizi inakifanya moja kwa moja kwenye mishipa ya damu ya moyo ni cha kweli, kimepimwa, na ni kidogo. Kinachouumiza moyo ni zile namba 80 kwa 40 zikiachwa zikae, au mapigo yakiachwa yakimbie, na yote mawili yamo zaidi mikononi mwa mtu aliyesimama kichwani kwa mgonjwa kuliko yalivyo ndani ya chupa ya dawa.

Ili kuliona hilo lazima tuanze na tabia ya moyo wenyewe. Misuli ya mwili kwa kawaida huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyoletwa na damu na kuiacha nyingine irudi. Moyo hauna akiba hiyo. Hata tukiwa tumekaa kimya kivulini, moyo huchukua takriban asilimia 70 ya oksijeni ya damu inayopita kwenye ateri za koronari, zile ateri mbili zinazochipuka mwanzoni mwa aota na kuuzunguka moyo kama taji. Damu hiyo ni kama mililita 250 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Moyo ukihitaji oksijeni zaidi, njia ni moja tu: damu zaidi ipite. Na hapo kuna jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Chemba ya kushoto, ile inayousukumia mwili mzima damu, hujibana kwa nguvu kiasi cha kuiminya mishipa yake yenyewe, kwa hiyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati imelegea, baina ya pigo na pigo. Inayoisukuma damu hiyo ni presha ya chini, ile namba ya pili kwenye kioo, ukitoa shinikizo lililomo ndani ya chemba. Kwa mzee wetu, 92 ukitoa kama 12 hubaki 80. Sasa piga hesabu ya 40 ukitoa 12. Inabaki 28.

Halafu kuna muda. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, takriban theluthi mbili za kila sekunde ni za kulegea na kunywa. Ukipiga mara 120, kipindi cha kujibana hakifupiki sana, kipindi cha kulegea ndicho kinachokatwa, hadi kisizidi nusu ya kila pigo. Mapigo yakikimbia, basi, kazi ya moyo inaongezeka na muda wa kulishwa unapungua kwa wakati mmoja. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachokopwa na kudaiwa papo hapo namna hii, na kila nitakachosema kuhusu dawa lazima kipimwe kwa hesabu hizi mbili, ya presha ya chini na ya muda.

Sasa dawa zenyewe. Gesi za usingizi, yaani zile dawa za majimaji zinazogeuzwa mvuke na kuvutwa kwa pumzi, huilegeza misuli laini iliyo kwenye kuta za mishipa. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika kwa kufungua vimilango vya potasiamu kwenye seli za misuli hiyo. Potasiamu ikitoka, seli hutulia, kalisi haiingii kwa wingi, na mshipa hupanuka. Isoflureni ina nguvu zaidi katika hilo kuliko halotheni. Halotheni, ambayo ilianza kutumika Manchester mwaka 1956 na ikadumu katika vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki muda mrefu baada ya Ulaya na Marekani kuiacha, haipanui sana ateri za koronari, lakini huudhoofisha msuli wa moyo wenyewe. Propofoli hulegeza mishipa ya mwili mzima, vena na ateri, hata damu inakawia miguuni na tumboni na presha inaporomoka kama tulivyoona. Ketamini huenda upande wa pili: huamsha adrenalini ya mwili, ikapandisha presha na mapigo. Dawa za jamii ya afyuni, kama fentanili, karibu haziigusi mishipa ya moyo.

Kesi niliyoitaja kwenye kichwa ilifunguliwa Sweden mwaka 1983. Reiz na wenzake wa Umeå waliwapa isoflureni wagonjwa 21 waliokuwa na ugonjwa wa ateri za koronari na walioingia kufanyiwa upasuaji mkubwa wa mishipa. Kumi kati yao walionyesha kwenye mchoro wa umeme wa moyo alama za msuli kukosa damu. La ajabu ni kwamba ateri za koronari kwa jumla zilikuwa zimepanuka, na damu iliyorudi kutoka moyoni ilikuwa na oksijeni nyingi kuliko kawaida. Damu ilikuwapo, tena ya kutosha, na bado sehemu ya moyo ilikuwa na njaa. Maelezo waliyoyatoa yakaingia katika vitabu kwa jina la wizi wa koronari.

Aliyekulia miteremko ya Kilimanjaro atauelewa wizi huu bila mwalimu, kwa sababu ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoteremsha maji ya mtoni hadi migombani. Chukua mfongo mmoja wenye mahali pembamba njiani. Baada ya pale pembamba, unalimwagilia shamba la karibu, na kijifereji kidogo cha kando kinapeleka masalio kwa jirani ambaye mfongo wake mwenyewe umeziba kabisa. Jirani huyo ameshafungua vizuizi vyake vyote. Hana tena cha kufungua. Siku mwenye shamba la karibu atakapofungua vizuizi vyake vyote pia, maji yatamiminika kwake na kijifereji cha jirani kitabaki tope. Ndivyo moyoni. Ateri moja imeziba, eneo lake linaishi kwa vijishipa vya kando vinavyotoka kwenye ateri nyingine, na ateri hiyo nyingine nayo ni nyembamba. Vishipa vidogo vya eneo lenye njaa vimeshapanuka hadi mwisho. Dawa ikivipanua vile vya eneo lililoshiba, damu inahamia kwa aliyeshiba.

Ilikuwa hoja yenye mvuto, na mwaka 1987 Buffington na wenzake waliionyesha kwa mbwa walioandaliwa wawe na mishipa ya namna hiyo. Mwaka uliofuata wakapekua rejista kubwa ya Marekani ya wagonjwa wa ateri za koronari na kukuta kuwa asilimia 23 walikuwa na ramani ya mishipa inayouwezesha wizi huo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne! Haishangazi kwamba wataalamu wengi waliiogopa isoflureni, na kwa miaka kadhaa ikatajwa kuwa gesi isiyomfaa mgonjwa wa moyo. Kwa ushahidi uliokuwa mezani, mimi nisingewalaumu.

Lakini rudi kwenye mfongo. Kiangazi, mto ukiwa umeshuka, kila kizuizi kinachofunguliwa juu kinamwumiza wa chini. Masika, mto ukiwa umejaa hadi ukingoni, watu wote juu wafungue wanavyotaka na wa chini bado atapata. Kimo cha mto ndiyo presha ya chini. Na wagonjwa wa Umeå walikuwa katika kiangazi: isoflureni ilikuwa imeishusha presha yao kwa kiasi kikubwa. Je, mwizi alikuwa gesi iliyopanua vishipa, au mto uliokauka? Mwaka uleule wa 1987, Cason na wenzake walijaribu halotheni na isoflureni pamoja na wakaona kwamba damu ya vijishipa vya kando ilifuata presha, ikipungua presha ikishuka na kurudi presha ikirudishwa. Mwaka 1991 Hartman na wenzake wa Wisconsin walikwenda mbali zaidi: waliwapa mbwa wenye mishipa ya wizi isoflureni, kisha adenosini, ambayo ni kipanuzi kikali cha ateri za koronari, huku presha ikishikiliwa mahali pake. Adenosini iliiba. Isoflureni haikuiba. Jaribio hilo moja, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili kuifunga kesi, kwa sababu liliwaweka washitakiwa wawili bega kwa bega na kuonyesha kuwa wizi ni jambo halisi, ila mwizi wake hutaka nguvu ambayo gesi ya usingizi, kwa vipimo vya kawaida, haina.

Mbwa si watu, na msomaji ana haki ya kudai watu. Mwaka 1989 Slogoff na Keats wa Houston walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,012 wa upasuaji wa baipasi, wale wanaounganishiwa mishipa mipya ya moyo, waliogawanywa kwa kura katika makundi manne: gesi tatu, yaani halotheni, enflureni na isoflureni, na sufentanili ya jamii ya afyuni. Wagonjwa hao ndio hasa ambao nadharia ya wizi ingewawinda. Makundi hayakutofautiana, si katika alama za kukosa damu, si katika shambulio la moyo, si katika vifo. Miaka miwili baadaye Leung na wenzake wa San Francisco waliwafuatilia wagonjwa 186 kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kilichopitishwa kooni, kinachoona ukuta wa moyo ukisita kujibana kabla hata mchoro wa umeme haujabadilika. Presha na mapigo yakiwa yameshikwa barabara, isoflureni haikuleta njaa ya damu zaidi ya sufentanili.

Kazi ninayoirudia zaidi katika mjadala huu, hata hivyo, ni ile ambayo Slogoff na Keats waliitoa mapema, mwaka 1985, na ambayo haikuwa kuhusu dawa. Waliwafuatilia wagonjwa 1,023 wa baipasi na kuuliza kama alama za kukosa damu mezani hutangulia shambulio la moyo baadaye. Jibu lilikuwa ndiyo: waliokuwa na alama hizo walipata shambulio kwa asilimia 6.9, na wasiokuwa nazo kwa asilimia 2.5. Halafu wakapanga matokeo kwa kila mtaalamu wa usingizi, wakiwaficha majina kwa namba. Mmoja, aliyebaki katika historia ya taaluma hii kwa jina la daktari namba 7, alitofautiana na wenzake. Wagonjwa wake walikuwa na mapigo ya kasi mara nyingi zaidi, alama za kukosa damu mara nyingi zaidi, na mashambulio ya moyo mara nyingi zaidi. Hospitali ni ileile, wapasuaji ni walewale, wagonjwa ni wa aina ileile. Tafakari uzito wa jambo hilo. Dawa nne mbalimbali zilishindwa kuleta tofauti miongoni mwa wagonjwa elfu moja, na mikono ya mtu mmoja ikaweza. Sidhani namba 7 alikuwa mzembe. Huenda alichelewa tu kuongeza usingizi kabla ya kuingiza mrija kooni, au aliyavumilia mapigo 110 kwa dakika chache ambazo wenzake wasingezivumilia. Ila moyo hauhesabu nia.

Pingamizi la kwanza, na la haki, linatoka Umeå kwenyewe. Baadhi ya wagonjwa wa Reiz walirudishiwa presha kwa dawa, na bado alama zao hazikufutika. Ikiwa presha ndiyo mkosaji, kwa nini kosa lilibaki mkosaji alipoondoka? Jibu langu ni kwamba msuli wa moyo uliokwisha kosa damu haufanani na taa ya umeme inayowaka mara swichi ikibonyezwa. Chemba iliyokosa damu hukakamaa, shinikizo la ndani yake hupanda, na shinikizo hilo hukandamiza tabaka la ndani la msuli, ambalo tayari ndilo la mwisho kufikiwa na damu. Ile hesabu yetu ya 40 ukitoa 12 inaweza kugeuka 40 ukitoa 22. Kwa hiyo kuirudisha presha baada ya njaa kuanza si sawa na kutoiacha ishuke, na jambo hilo linaukaza msimamo wangu juu ya zile dakika tatu za mwanzo. Nakiri pia kwamba miongoni mwa watu 21 huenda wamo wachache ambao wizi wa kweli uliwapata. Sikatai kuwa upo. Nakataa kuwa ndio unaowaangusha wagonjwa.

La pili ni kwamba dawa hazifanani, na kusema mtu ni muhimu kuliko dawa kunaweza kumpa mtu uvivu wa kuchagua. Hili nalikubali karibu lote. Desflureni, gesi nyingine ya usingizi, ikiongezwa haraka huamsha adrenalini na mapigo hupaa. Mwaka 1992 Helman na wenzake walionyesha kuwa wagonjwa wa baipasi waliolazwa kwa desflureni walipata alama za kukosa damu kwa asilimia 13 wakati wa kulala, ilhali miongoni mwa waliolazwa kwa sufentanili hakupata hata mmoja. Halotheni huufanya moyo uwe mwepesi kuchanganyikiwa mapigo adrenalini ikizidi, tabia ambayo Goodman Levy aliionyesha kwa klorofomu na paka huko London mnamo 1911, baada ya madaktari kubishana zaidi ya nusu karne kwa nini vijana wenye afya walikuwa wakifa ghafla mwanzoni mwa usingizi. Ketamini, ambayo imeokoa maisha yasiyohesabika katika hospitali zetu za wilaya kwa sababu haihitaji mashine na haiiui pumzi, si rafiki wa mtu mwenye ateri nyembamba za moyo, maana humpandishia kazi na kumpunguzia muda wa kunywa. Lakini angalia kila mfano niliotoa. Njia ya madhara ni ileile: mapigo, presha, adrenalini. Hakuna hata mmoja ambao kiini chake ni upanuzi wa ateri ya koronari. Mtaalamu akijua desflureni hupaisha mapigo ikipandishwa ghafla, ataipandisha polepole.

Pingamizi la tatu ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu linageuza kesi. Mwaka 1986 Murry, Jennings na Reimer waligundua kuwa moyo wa mbwa ulionyimwa damu kwa vipindi vifupi, dakika tano tano mara nne, ulistahimili baadaye kunyimwa damu kwa dakika 40, na sehemu iliyokufa ikawa robo tu ya ilivyotarajiwa. Moyo ulikuwa umejiandaa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 1997, watafiti wa Wisconsin walionyesha kuwa isoflureni huleta ulinzi wa aina hiyo bila kunyima damu, na kwamba hupitia vimilango vya potasiamu. Aliyeitwa mwizi akawa mlinzi, na mlango aliotuhumiwa kuuvunja ndio aliokuwa akiulinda. Taaluma nzima ikasisimka. Kwa miaka ishirini makala zikaandikwa zikihimiza gesi badala ya propofoli kwa kila mgonjwa wa moyo. Mimi nilitamani iwe kweli. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Landoni: wagonjwa 5,400 wa baipasi, vituo 36, nchi 13, nusu wakipewa gesi na nusu dawa za mshipani. Baada ya mwaka mmoja, vifo katika kundi la gesi vilikuwa asilimia 2.8, na katika kundi jingine asilimia 3.0. Tofauti hiyo haina maana ya kitakwimu, na jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu hakukuwa na matumaini ya kuipata. Ulinzi ulioonekana maabara ni wa kweli kama wizi ulioonekana maabara ulivyokuwa wa kweli, na vyote viwili vilipofikishwa mbele ya wagonjwa maelfu vilizama ndani ya mambo makubwa zaidi. Hilo ndilo ninaloliona kuwa funzo la kitabibu la miaka hii 40, na haliidhalilishi maabara. Linatuonyesha tu ukubwa wa kila kitu kando ya kingine.

Sasa pingamizi linaloniumiza. Kama presha ndiyo kila kitu, si tuipandishe tu kwa dawa na mambo yakaisha? Huko Cleveland, kumbukumbu za upasuaji zaidi ya 33,000 zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kuwa wastani wa presha ukishuka chini ya 55, hata kwa dakika chache, madhara ya moyo na figo huongezeka. Wastani wa 80 kwa 40 ni 53. Lakini kumbukumbu zinaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja. Hazithibitishi kipi kimemleta mwenzake, kwani mgonjwa dhaifu hushuka presha na pia huumia. Na jaribio la POISE-3, lililotoa matokeo yake mwaka 2023, liliwagawa wagonjwa 7,490 kwa kura, nusu wakilengwa wastani usiopungua 80 na nusu usiopungua 60. Matatizo ya moyo na mishipa yalikuwa sawa, karibu asilimia 14 kila upande. Anayepinga atasema hapo hoja yangu imevunjika. Sidhani. Jaribio lililinganisha 80 na 60, mbele ya wataalamu waliokuwa wakitazama kioo muda wote. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa 45 huku mtu akitafuta efedrini ya kupandisha presha kabatini. Limetufundisha kuwa kuna uwanda mpana ambamo moyo hujirekebishia mishipa yake wenyewe, na kwamba ndani ya uwanda huo kubishania namba ni kupoteza muda. Hatari iko ukingoni. Hata kuyazuia mapigo kwa nguvu kuna gharama yake: POISE ya kwanza, mwaka 2008, iliwapa wagonjwa metoprololi saa chache kabla ya upasuaji, ikapunguza mashambulio ya moyo na kuongeza vifo na viharusi, kwa kuwa dawa hiyo iliwashusha presha. Waliouokoa moyo kwa kuyafunga mapigo waliupoteza kwa kuukausha mto.

Wapo pia wanaosema mjadala huu ni wa Ulaya na Marekani. Kwetu wagonjwa wa moyo wengi ni vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Hilo la valvu ni kweli, ila halitutoi kwenye hesabu. Presha isiyotibiwa kwa miaka huunenepesha ukuta wa chemba ya kushoto, na ukuta mnene huhitaji damu zaidi huku tabaka lake la ndani likiwa mbali zaidi na ateri. Mama wa miaka 50 ambaye hajui kuwa ana presha anaweza kuwa na ateri safi kabisa, na bado 80 kwa 40 ikaunyima moyo wake damu. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 kutoka nchi 25 na hospitali 247, ulikuta wagonjwa wetu wakifa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache zaidi. Wengi mno walifariki baada ya upasuaji, si mezani. Na wataalamu bingwa, ukiwajumlisha wapasuaji, madaktari wa uzazi na wa usingizi kwa pamoja, walikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000. Ninapoona bajeti ya hospitali ikijadili gesi ipi inunuliwe na haijadili ni nani atasimama kichwani kwa mgonjwa usiku wa Jumapili, naumia, kwa sababu ushahidi wote niliouweka hapa unaelekeza fedha upande wa pili.

Ushahidi wa mwisho unatoka nje ya chumba cha upasuaji kabisa. Katika utafiti uitwao VISION, watu zaidi ya 15,000 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, waliofanyiwa upasuaji usiokuwa wa moyo, walipimwa damu kila siku kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Asilimia 8 walikuwa na majeraha ya moyo yaliyotokana na kukosa damu. Mengi yalitokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya walioumia, wenye dalili yoyote ya moyo walikuwa asilimia 15.8 tu, wengine hawakuhisi kifua kubana wala pumzi kukata, huenda kwa kuwa walikuwa bado na dawa za maumivu. Isoflureni huanza kutoka kwa pumzi mara tu inapofungwa kwenye mashine, na kufikia saa mbili usiku karibu yote imeshatoka. Mzee wetu yuko wodini, tumbo limefungwa, uvimbe umetoka salama, anasema anajisikia vizuri. Kidonda kinavuja taratibu ndani ya bandeji, maumivu yanayapandisha mapigo hadi 108, na presha ya chini ni 48. Karatasi iliyoning'inizwa mguuni mwa kitanda ina safu ya presha ya saa nne, ya saa sita na ya saa nane usiku, na muuguzi wa zamu ana vitanda vingine thelathini kabla ya kukifikia chake.